Kuihakiki Kingamwili: Mstari Uonekanao Maabara Unathibitisha Nini?

Chimala ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Kusini mwa mji huu imesimama milima ipandayo hadi Matamba na uwanda wa juu wa Kitulo, ambako baridi ni kali na mbu waenezao malaria ni haba. Kaskazini yake imetandaa mbuga ya Usangu, yenye mashamba ya mpunga yanyweshwayo na mito iteremkayo kutoka milimani na kuingia Ruaha Mkuu. Maji yatuamayo mashambani ni neema kwa mkulima, lakini pia ni mazalio ya mbu. Kwa sababu hiyo hospitali na zahanati za sehemu hizi hupokea wagonjwa wa homa wa namna mbili: yule atokaye mbugani, ambaye ameumwa na mbu wa malaria tangu utoto, na yule ashukaye kutoka mlimani, ambaye mwili wake haujauzoea ugonjwa huo. Homa zao zaweza kufanana kabisa, lakini chanzo si lazima kiwe kimoja.

Mhudumu wa afya hamtoboa mgonjwa kidole, huweka tone la damu juu ya kipimo cha haraka cha malaria, huongeza matone machache ya maji ya dawa, kisha hungoja kwa dakika 15 hivi au 20. Ukitokea mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kuwa kipimo ni kizima, jibu ni kwamba malaria haikuonekana. Ikitokea mistari miwili, mgonjwa hupewa dawa ya malaria. Uamuzi mkubwa hutegemea mstari mdogo. Kwa hiyo ni haki ya kila mwanafunzi wa sayansi kuuliza: mstari huo unathibitisha nini hasa? Na waliotengeneza kipimo walijuaje kuwa kinakamata kitu walichokikusudia, wala si kingine?

Katika makala hii tutaeleza njia moja itumiwayo maabara kujibu swali la namna hiyo, iitwayo njia ya peptidi kizuizi. Tutaona uwezo wake, na pia tutaona mpaka wake, kwani mtafiti asiyeujua mpaka wa ushahidi wake huweza kupotea akiwa na ushahidi mkononi.

KINGAMWILI NI NINI?

Mwili wa mnyama ukiingiliwa na kitu kigeni, chembe fulani za damu hutengeneza protini ziitwazo kingamwili. Kingamwili ya aina iliyo nyingi zaidi katika damu ina umbo kama herufi Y na uzito wa molekuli wa daltoni 150,000 hivi. Ncha za mikono yake miwili zina mahali penye umbo maalumu, ambapo kitu kigeni huingia na kushikwa, kama vile kufuli inavyopokea ufunguo wake. Kitu kinachoshikwa huitwa antijeni.

Yafaa msomaji azingatie jambo moja tangu mwanzo. Kingamwili haishiki protini nzima. Hushika sehemu ndogo tu ya protini hiyo, pengine asidi amino chache zilizofuatana. Sehemu hiyo huitwa epitopi. Kingamwili haijui jina la protini, wala kazi yake, wala ilikotoka. Hujua umbo la epitopi tu. Basi sehemu kama hiyo ikipatikana katika protini nyingine, kingamwili itaishika hiyo nayo bila kubagua. Hapa ndipo tatizo letu lote linapoanzia.

Kwa miaka mingi wanasayansi walipata kingamwili kwa kuwachanja sungura, mbuzi au wanyama wengine, kisha kuchukua damu yao. Maji ya damu hiyo huwa na mchanganyiko wa kingamwili nyingi zenye shabaha mbalimbali. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, walieleza namna ya kuunganisha chembe itengenezayo kingamwili na chembe ya saratani isiyochoka kugawanyika. Chembe iliyozaliwa kwa muungano huo hutoa kingamwili ya aina moja tu, kizazi baada ya kizazi. Kingamwili hizo huitwa za ukoo mmoja, na ndizo zitumiwazo katika vipimo vya haraka vya malaria.

PROTINI INAYOTAFUTWA KATIKA DAMU

Vipimo vingi vya haraka vitumikavyo Afrika hutafuta protini iitwayo HRP2. Protini hii hutengenezwa na kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kisababishacho malaria iliyo kali na iliyoenea zaidi nchini mwetu. Kimelea kiishipo ndani ya chembe nyekundu ya damu hutoa HRP2 kwa wingi, na sehemu yake huingia katika maji ya damu.

HRP2 ni protini ya ajabu. Yapata theluthi moja ya asidi amino zake ni histidini, na zaidi kidogo ya theluthi ni alanini. Tukiandika histidini kwa herufi H, alanini kwa A na asidi aspatiki kwa D, twaona mafungu kama AHHAHHAAD na AHHAAD yakirudiwarudiwa katika sehemu kubwa ya protini hii. Kurudiwa huku ni faida kwa mtengenezaji wa kipimo, kwa maana molekuli moja ya HRP2 inaweza kushikwa na kingamwili kadhaa kwa wakati mmoja, na hivyo mstari huonekana hata vimelea vikiwa vichache.

Lakini kimelea hichohicho kina protini nyingine, HRP3, ambayo jeni yake imo katika kromosomu ya 13, wakati jeni ya HRP2 imo katika kromosomu ya 8. HRP3 ni ndogo kuliko HRP2, lakini ina mafungu yanayofanana sana na ya mwenzake. Baadhi ya kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya HRP2 hushika HRP3 pia. Tutarudi kwa ndugu hawa wawili hivi punde.

MBINU YA WESTERN

Ili kuona kingamwili inashika protini zipi, wanasayansi hutumia mbinu iitwayo bloti ya Western. Neno bloti lina asili moja na jina la ile karatasi ya kunyonya wino iliyokuwa ikitumiwa ofisini na shuleni zamani. Mwaka 1975 Edwin Southern alieleza namna ya kuhamisha DNA kutoka katika jeli hadi kwenye utando, na mbinu yake ikaitwa kwa jina lake. Kwa kuwa southern maana yake ni "ya kusini", mbinu kama hiyo ya RNA iliitwa kwa mzaha "ya kaskazini". Mwaka 1979 Harry Towbin na wenzake, huko Basel, Uswisi, walieleza namna ya kuhamisha protini. Mwaka 1981 W. Neal Burnette, mjini Seattle, Marekani, aliendeleza mzaha huo kwa kuipa mbinu ya protini jina la Western, yaani "ya magharibi". Jina hilo ndilo lililobaki.

Hatua zake ni hizi:

(a) Sampuli, kwa mfano vimelea vilivyokuzwa maabara, huchemshwa pamoja na sabuni kali iitwayo sodiamu dodesili salfeti. Protini hukunjuka na kuwa kama nyuzi, na zote hupata chaji hasi.

(b) Sampuli huwekwa katika jeli na kupitishiwa umeme. Protini husogea kuelekea upande chanya. Zilizo ndogo hupenya upesi na kwenda mbali. Zilizo kubwa hubaki nyuma. Kwa njia hii protini hupangwa kwa ukubwa.

(c) Protini huhamishwa kwa umeme kutoka katika jeli hadi kwenye utando mwembamba wa nitroselulosi, zikiwa katika mpangilio uleule.

(d) Nafasi tupu za utando hufunikwa kwa protini isiyohusika. Aghalabu hutumika maziwa ya unga yasiyo na mafuta yaliyokorogwa katika maji yenye chumvi. Bila hatua hii kingamwili ingenasa kila mahali, na utando mzima ungeonekana na rangi.

(e) Kingamwili inayochunguzwa humiminwa juu ya utando, kisha utando husafishwa.

(f) Kingamwili ya pili, yenye kuishika ile ya kwanza na kubeba kimeng'enya, huongezwa. Utando husafishwa tena.

(g) Kemikali huongezwa, nayo hugeuzwa na kimeng'enya kuwa rangi au mwanga. Pale kingamwili iliposhika hutokea mstari.

Kipimo cha haraka cha malaria ni jamaa wa karibu wa mbinu hii. Nacho kina ukanda wa nitroselulosi, kingamwili, na mstari uonekanao kwa macho. Tofauti kubwa ni kwamba kipimo cha haraka hakipangi protini kwa ukubwa. Ikiwa kingamwili yake inashika protini mbili, zote mbili zitaongeza rangi katika mstari uleule mmoja, na mtazamaji hawezi kuzitenganisha. Ndiyo maana kingamwili hufaa kuhojiwa katika bloti kabla ya kutiwa katika kipimo.

PEPTIDI KIZUIZI

Tuseme mtafiti amefanya bloti na kupata mistari mitatu. Ni upi utokanao na kingamwili kushika epitopi yake, na ni upi uliotokea kwa bahati tu, labda kwa sababu kingamwili ya pili imenasa pasipo mahali pake?

Peptidi ni kipande kifupi cha protini, chenye asidi amino chache zilizoungana. Tangu Robert Bruce Merrifield alipoeleza mwaka 1963 namna ya kuziunga asidi amino moja baada ya moja juu ya punje ngumu, imekuwa rahisi kutengeneza peptidi yoyote itakiwayo. Merrifield alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1984, mwaka uleule ambao Köhler na Milstein, pamoja na Niels Jerne, walipata ile ya tiba.

Kanuni ya njia hii ni nyepesi. Mtafiti hutengeneza peptidi iliyo sawa na epitopi ya kingamwili yake. Kisha huigawa kingamwili katika vikombe viwili. Katika kikombe cha kwanza hutia peptidi nyingi. Katika cha pili hutia kimiminika kilekile kilichoyeyushia peptidi, bila peptidi yenyewe. Vikombe vyote huachwa kwa saa moja au mbili katika joto la chumba, au usiku kucha katika jokofu la nyuzi 4. Kwa muda huo mikono ya kingamwili ya kikombe cha kwanza hujazwa peptidi. Baadaye kila kikombe humiminwa juu ya utando wake. Tando hizo mbili hazina budi kuwa sawa kwa kila kitu kingine: sampuli ileile, kiasi kilekile, muda uleule wa kusafisha na wa kupiga picha.

Mstari utakaotoweka katika utando wa kwanza, na kubaki katika wa pili, ni mstari uliotokana na mikono ya kingamwili. Mstari utakaobaki katika tando zote mbili umetokana na sababu nyingine.

Mtafiti mwangalifu huongeza utando wa tatu. Katika huo hutumia kingamwili iliyochanganywa na peptidi isiyohusika, yenye asidi amino zilezile pengine, lakini kwa mpangilio uliovurugwa. Peptidi hiyo haitakiwi kufuta mstari wowote. Ikifuta, basi kufutika kule kwa kwanza hakukuwa na maana iliyodhaniwa.

HESABU KIDOGO

Mara nyingi huelekezwa kutumia peptidi mara tano ya kingamwili kwa uzito. Je, inatosha? Tupige hesabu kwa mikrogramu 1 ya kingamwili na mikrogramu 5 za peptidi yenye asidi amino 15.

Uzito wa wastani wa asidi amino moja ndani ya protini ni daltoni 110 hivi. Kwa hiyo peptidi yetu ina uzito wa 15 × 110 = daltoni 1,650.

Kingamwili: mikrogramu 1 ukigawa kwa 150,000 ni pikomoli 6.7 hivi. Kila kingamwili ina mikono miwili, kwa hiyo mikono ni pikomoli 13.3.

Peptidi: mikrogramu 5 ukigawa kwa 1,650 ni pikomoli 3,030 hivi.

Tukigawa 3,030 kwa 13.3 twapata 228 hivi. Yaani kila mkono wa kingamwili umezungukwa na molekuli zaidi ya 200 za peptidi. Uzito wa mara tano umekuwa idadi ya mara mia mbili na zaidi, kwa kuwa peptidi ni nyepesi mno ikilinganishwa na kingamwili. Huu ni mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi kwa nini mkemia huhesabu kwa moli wala si kwa gramu.

KUSOMA MATOKEO

Matokeo yaweza kuwa ya namna tatu.

Kwanza, mstari mmoja unatoweka na mingine inabaki. Ile iliyobaki haina uhusiano na epitopi, na mtafiti anaweza kuiweka kando. Ule uliotoweka unastahili kuchunguzwa zaidi.

Pili, hakuna mstari unaotoweka. Hapa mtafiti asikimbilie kuilaumu kingamwili. Labda peptidi haikuyeyuka vizuri au ilikuwa chache. Labda kingamwili ilitengenezwa kwa protini nzima, nayo hushika sehemu nyingine isiyokuwamo katika peptidi. Labda pia mistari yote ni ya kingamwili ya pili. Jambo hili la mwisho hujulikana kwa kufanya bloti isiyotiwa kingamwili ya kwanza kabisa.

Tatu, mistari yote inatoweka. Wengi hufurahi wapatapo jibu hili, wakidhani kuwa kingamwili yao imethibitishwa. Kumbe hapa ndipo penye mtego.

UFUNGUO MMOJA, KUFULI MBILI

Fikiri mtu mwenye ufunguo ambao amegundua kuwa unafungua kufuli mbili katika nyumba moja. Ili kujua kama kweli ni meno ya ufunguo yafanyayo kazi, anayafunika meno hayo kwa nta. Sasa ufunguo haufungui kufuli yoyote. Amejifunza nini? Amejifunza kuwa kufuli zote mbili zilifunguliwa na meno yale. Hakujifunza ni kufuli ipi iliyo ya mlango wake.

Peptidi kizuizi ni nta hiyo. Huziba mkono wa kingamwili, na mkono uliozibwa hauwezi kushika chochote: si protini iliyokusudiwa, wala nyingine yenye epitopi ifananayo. Kwa hiyo kutoweka kwa mstari huthibitisha kuwa kingamwili imeushika kwa mkono wake. Hakuthibitishi kuwa mstari huo ni protini tuliyoikusudia.

Protini mbili za malaria hutupa mfano ulio wazi. Maabara mbalimbali za dunia hukuza aina za Plasmodium falciparum zenye historia inayojulikana. Aina iitwayo 3D7 ina jeni zote mbili, ya HRP2 na ya HRP3. Aina iitwayo Dd2 imepoteza jeni ya HRP2, lakini inayo ya HRP3. Aina iitwayo HB3, iliyotoka Honduras, imepoteza ya HRP3, lakini inayo ya HRP2.

Tuchukue sasa kingamwili inayoshika fungu lililomo katika protini zote mbili, na tuitumie juu ya aina hizo tatu. Katika 3D7 tutarajie protini mbili kushikwa. Katika Dd2, HRP3 peke yake. Katika HB3, HRP2 peke yake. Tukitumia peptidi kizuizi yenye fungu hilo, mistari yote ya aina zote tatu itatoweka. Mtafiti aliyekuwa na 3D7 tu pamoja na peptidi yake angesema, "Mistari yangu yote ni ya HRP2, labda mmoja ni kipande kilichokatika." Angekosea. Lakini mtafiti aliyeiweka Dd2 pembeni angeona mstari pale ambapo HRP2 haipo kabisa, naye angejua mara moja kuwa kingamwili yake ina shabaha mbili. Kimelea kisicho na jeni kimetoa ushahidi ambao peptidi haikuweza kuutoa.

USHAHIDI ULIO IMARA ZAIDI

Mwaka 2016 kundi la wanasayansi wa kimataifa lilipendekeza nguzo tano za kuhakiki kingamwili. Ya kwanza ni kuondoa au kupunguza jeni ya protini inayotafutwa na kuona kama mstari unatoweka. Ya pili ni kulinganisha matokeo na njia isiyotumia kingamwili. Ya tatu ni kutumia kingamwili nyingine inayoshika sehemu tofauti ya protini ileile. Ya nne ni kuifanya chembe itengeneze protini hiyo ikiwa na alama ya kuitambulisha. Ya tano ni kuikamata protini kwa kingamwili na kuitambua kwa mashine ya kupima uzito wa vipande vya molekuli. Peptidi kizuizi haimo katika nguzo hizo tano. Si kwamba haifai. Bado ni njia rahisi ya kutenga mistari ya bahati nasibu. Ila haitoshi ikisimama peke yake.

Tena hapana budi kukumbuka kuwa katika bloti protini zimekunjuliwa kwa sabuni, wakati katika damu ya mgonjwa ziko katika umbo lake la asili. Kingamwili iliyofaulu katika bloti yaweza kushindwa katika kipimo cha haraka, na kinyume chake. Kila matumizi yadai uhakiki wake.

JAMBO HILI LATUHUSUJE?

Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa katika eneo la Amazon nchini Peru wameonekana wagonjwa wenye vimelea visivyo na jeni ya HRP2. Baadaye vimelea vya namna hiyo vilionekana kwa wingi Eritrea, na mwaka 2016 nchi hiyo ilianza kuacha vipimo vinavyotegemea HRP2 peke yake. Mgonjwa mwenye vimelea hivyo huweza kupimwa, akaambiwa hana malaria, akarudi nyumbani bila dawa. Kwa mtoto mdogo kosa hilo laweza kuwa la mauti.

Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba nchi ibadili vipimo endapo zaidi ya wagonjwa 5 katika kila 100 wa falciparum hukosa kutambuliwa kwa sababu ya upungufu wa jeni hiyo. Nchini Tanzania uchunguzi uliofanywa kati ya Februari na Julai 2021 katika vituo 100 vya afya ulionyesha kuwa vimelea hivyo ni nadra sana. Hiyo ni habari njema, lakini uchunguzi wa namna hii hufaa kurudiwa, maana vimelea hubadilika.

Hapa twaona kuwa kingamwili yenye shabaha mbili si lazima iwe hasara. Kimelea kilichopoteza HRP2 lakini kikabaki na HRP3 chaweza bado kukamatwa na kipimo, hasa vimelea viwapo vingi katika damu. Hata hivyo hali hiyohiyo humchanganya mtafiti anayetaka kujua kama jeni ya HRP2 imetoweka: mstari umetokea, kumbe protini ile haipo. Kwa tabibu, kujua kuwa mgonjwa ana malaria kwatosha. Kwa mtafiti anayehesabu vimelea vilivyobadilika, sharti ajue ni protini ipi iliyoleta mstari. Swali likibadilika, na ushahidi unaotakiwa hubadilika.

Kuna jambo jingine linalofaa kutengwa na hayo. HRP2 huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuuawa na dawa. Mkulima wa Usangu aliyetibiwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili ingawa homa yake ya leo ina chanzo kingine. Hapo kingamwili haikukosea hata kidogo: imeshika HRP2 ya kweli. Kilichokosewa ni tafsiri, yaani kudhani kuwa kuwapo kwa protini ni sawa na kuwapo kwa kimelea kilicho hai. Peptidi kizuizi, hata aina ya Dd2, haiwezi kusahihisha kosa la namna hiyo. Darubini, au historia ya mgonjwa iliyoulizwa kwa makini, yaweza.

ZOEZI LA DARASANI

Zoezi hili halihitaji maabara. Ubao na chaki vyatosha. Mwalimu aandike mifuatano mitatu ifuatayo, ambayo imebuniwa kwa ajili ya zoezi tu:

Protini ya kwanza: M K L A H H A A D G T E
Protini ya pili: S S A H H A A D P L V
Protini ya tatu: G A H H A A N K T R W

Kingamwili yetu hushika mfuatano A H H A A D, wala haikubali hata herufi moja ibadilike.

1. Ni protini zipi zitakazotoa mstari katika bloti?
2. Kingamwili ikichanganywa kwanza na peptidi A H H A A D, mistari ipi itatoweka?
3. Je, jibu la swali la 2 laweza kutuambia ni mstari upi ulio wa protini ya kwanza?
4. Ukiruhusiwa kutengeneza kingamwili nyingine moja, ungechagua mfuatano upi ili kuitenga protini ya kwanza na ya pili?
5. Pendekeza peptidi isiyohusika ya kutumia katika utando wa tatu.

Majibu: (1) Ya kwanza na ya pili, ya tatu ina N mahali pa D. (2) Yote miwili. (3) La, kwa kuwa yote miwili hutoweka pamoja. (4) Mfuatano wowote ulio katika moja tu, kwa mfano M K L au G T E. (5) Herufi zilezile zikiwa zimevurugwa, kwa mfano H A D A H A.

Wanafunzi wakimaliza, mwalimu awaulize swali moja la mwisho, ambalo halina jibu la kuandika kwa herufi moja: katika majaribio yao wenyewe ya fizikia, kemia na biolojia, ni mara ngapi wamepata jibu walilolitarajia, wakaacha kuuliza kama kuna sababu nyingine ambayo ingeleta jibu lilelile? Mwanafunzi azoeaye kuuliza hivyo katika chumba cha darasa ndiye atakayefaa kukabidhiwa kipimo chenye mstari mdogo na mgonjwa angojaye.